Kiapo cha Heroe

Ijumaa, 9 Januari 2026

Nimechoka, na safari haijaanza. Chakula cha mchana kwa mama mkwe, Bi Khole, Al Amerat. Shemeji Badr kaja na gari lake jipya la kulala safarini. Kitanda, jiko, mapazia mazito. Mapazia! Kasema atamchukua dada yake, yaani mke wangu Rahila, wiki nzima kusini, akatembee kandokando ya maji na kutazama ndege. Rahila kastaafu ualimu mwezi uliopita. Baada ya miaka yote ya kelele za darasani anataka kitu kimoja tu: atembee penye maji msimu huu wa baridi, na mtu asimsemeshe. Nikauliza, na mimi je? Badr akasema nafasi hakuna, lakini nisiwe na wasiwasi, Bi Khole atahamia kwangu kunitazama.

Wiki nzima na Bi Khole! Ulimi ukaniponyoka. Nikaapa mbele ya wote: wallahi, kabla ya Ijumaa ijayo Rahila atawaona heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, na wa kumwonyesha ni mimi. Badr akafurahi. Nikishindwa, anamchukua. Bi Khole akaacha kutafuna. Akaniuliza, Jaifar, kafara ya kiapo unaijua? Naijua, kulisha maskini kumi. Akauliza kama nakumbuka kiapo cha mbuzi. Nakumbuka, maskini kumi walishiba. Nikamwambia safari hii hatutafika huko.

Jumapili, 11 Januari

Gari limepatikana. Lilikuwa la kusambazia mikate, la binamu yangu mwenye tanuri Rusayl. Tumeng'oa rafu, tumetia godoro. Linanuka hamira. Ubavuni lina picha ya mkate mkubwa unaotabasamu. Rahila aliutazama muda mrefu, akauliza kama na huo tunakwenda nao. Nikasema rangi ya kuufutia imekwisha madukani. Ukweli nilisahau kuinunua. Badr kapiga simu kuuliza kama tunauza na maandazi. Sikucheka.

Jumanne, 13 Januari

Wadi, bonde la mto milimani juu ya Quriyat. Mvua ya wiki iliyopita imeteremsha maji, mawe yameoshwa, baridi nzuri ya sweta. Mpango wangu: twende taratibu mpaka vidimbwi vya juu, kimya, kama anavyotaka mwenyewe.

Balaa lilianza hatua chache tu kutoka garini. Shule zimefungwa, kila jiwe pana lina mkeka, na kila mkeka una birika. Wa kwanza wakaita, karibuni kahawa. Utakataa vipi? Tukakaa. Kahawa, tende, halwa, habari za wazee. Mkeka wa pili walituona tumekaa kwa wa kwanza, tungewapita kwa uso gani? Kwenye wa tatu nikagundua bibi yao alikaa Unguja mtaa mmoja na bibi yangu. Hapo ndipo nilipokaa hasa. Jua lilizama bado tunaliona gari letu, na mkate unatutabasamia.

Rahila hakunena kitu mpaka tukalala. Nikamwambia, si ulitaka kimya? Akageukia ukutani. Mimi na kahawa yote ile nimekesha namsikiliza akipumua.

Jumatano, 14 Januari

Tumeteremka hori la Quriyat, pale maji ya bahari yanapoingia nchi kavu. Mikoko, matete, tope. Yangeyange tele. Heroe hata mmoja! Nimezunguka kutwa nzima. Kiatu changu cha kushoto kimebaki topeni. Bwana mmoja aliyekuwa akitembea na wanawe kanambia heroe huja wakitaka wenyewe. Jibu gani hilo?

Naogopa, nasema kweli. Si Bi Khole tu. Naogopa Rahila ataondoka na Badr, atapumzika, kisha atagundua kuwa hupumzika vizuri zaidi nisipokuwepo.

Lakini mwenye akili hujiweka tayari. Chini ya godoro kuna kitu nilichokinunua Khuwair ya Kusini: boya la watoto la kuogelea, la kupuliza, umbo la heroe, rangi ya waridi kabisa. Rahila bila ya miwani haoni mbali. Miwani yake nimeshaiweka mahali pazuri.

Alhamisi, 15 Januari

Pampu nimeisahau nyumbani. Nimelipuliza kwa mdomo, alfajiri, nyuma ya mikoko, huku nakohoa, mpaka kichwa kikanizunguka. Nikalifunga kamba kwenye mkoko, nikarudi mbio na kiatu kimoja. Rahila keshakaa nje ya gari anakunywa chai. Nikanyoosha kidole. Heroe yule! Akainua darubini.

Darubini! Zawadi ya Badr ya kustaafu. Sikujua kama kaja nayo. Alitazama, akatazama. Kisha akaniita kwa upole, kwa jina la binti yetu: Baba Shatha, heroe wako ana vishikio.

Hapo hapo upepo ukageuka, kamba ikafunguka, na heroe akazunguka akatuonyesha kizibo cha kupulizia. Akaanza kwenda zake. Siwezi kuacha plastiki inaelea horini, ikabidi nimfuate. Nimerudi nimemkumbatia, nimelowa mpaka kifuani. Rahila kacheka mpaka kashika ubavu. Nimefurahi, Mungu shahidi. Kicheko kile sijakisikia siku nyingi.

Alipomaliza kucheka akanieleza. Alfajiri, wakati mimi sipo, alitembea peke yake ng'ambo ya pili. Wakashuka heroe wa kweli, kundi zima, wakasimama majini karibu naye. Hakuna aliyesema neno. Anasema hajapata asubuhi nzuri kama ile maishani mwake. Waliruka waliposikia mtu anapuliza na kukohoa mikokoni.

Ijumaa, 16 Januari

Chakula kwa Bi Khole. Nimejitetea vizuri sana. Rahila kawaona heroe kabla ya Ijumaa, na mimi nilikuwepo hapo hapo. Bi Khole akakata shauri: uliapa utamwonyesha, wewe umewafukuza. Kafara.

Nikaanza kutafuta maskini wa karibu. Nikamtaja Nantongo, Mganda anayemsaidia Bi Khole jikoni. Alinijia juu! Kasema yeye kwao Masaka ana shamba la kahawa na nyumba ya matofali inayongoja bati tu. Maskini ni mtu anayeendesha mkate na kiatu kimoja.

Badr akajipangusa mikono, akasema basi kesho wanaondoka. Rahila akasema ataondoka, ndiyo, lakini si na yeye. Atachukua gari la mkate, peke yake, wiki nzima. Ile harufu ya hamira inamlaza vizuri. Bi Khole akauliza nguo zake azitie chumba gani kwangu. Rahila akanishika mkono, akaniomba jambo moja tu, nisimfuate.

Maneno yale yaliniingia. Nikainua mkono mbele ya wote, nikaapa. Wallahi, simfuati.

Bi Khole akamwita Nantongo, akamwambia kesho ule mchele wa kafara wa watu kumi aupike wa watu ishirini.

Sijui ana haraka ya nini. Badr hanipitii na gari lake mpaka baada ya sala ya alfajiri, na yale mapazia ukiyafunga hata Rahila haoni aliyemo ndani.