Marashi Achanja Mbwa

Marashi, mtu wa mtaa wa pili, alikuwa amekaa kwa kinyozi, uso nyuma ya gazeti, hanyolewi, anasubiri tu riziki ipite mlangoni. Kwao walimwita Marashi kwa sababu hata akishinda njaa alinukia vizuri, na maneno yake yalinukia zaidi. Siku hiyo riziki iliingia na aproni yenye damu. Alikuwa ni mwenye bucha, amefura kweli kweli.

"Mmesikia? Jumamosi wanakuja madaktari wa mifugo. Kila mbwa wa mtaa huu, wa kufugwa na wa jalalani, achanjwe kichaa, halafu ahasiwe. Bure!"

"Bure si ndiyo vizuri?" kinyozi akauliza.

"Vizuri kwa nani? Kamanda wangu akishahasiwa atalinda nini? Wezi wakija atawakaribisha na kuwavua viatu!"

"Na mimi je?" akadakia mwenye nyumba za kupanga, povu la sabuni kidevuni. "Mbwa wangu jike kila mwaka ananizalia watoto wa kuuza. Yule mama fundi cherehani nimeshamfukuza mara ngapi na mahubiri yake ya mbwa kuzagaa!"

"Wakishamtibu wanamfunga mkanda wa bluu shingoni, wasimkamate tena," mwenye bucha akaongeza, kwa uchungu.

Marashi alikaa sawa. Watu wazima wawili, wenye mali zao, wanakimbia kitu cha bure! Mungu akupe nini tena, akuletee na kijiko?

Ijumaa aliazima koti jeupe la kinyozi na mkokoteni wa jirani. Akalikata beseni kuukuu la bluu vipande vyembamba kama mikanda, akajaza chupa ndogo maji ya bomba, akabeba bomba la sindano na uso wa huzuni wa mtu aliyesoma sana. Huyoo, kwa mwenye bucha.

"Mimi ni mtangulizi wa kikosi cha madaktari," alisema. "Mbwa wa waheshimiwa tunawachanja nyumbani, tunawafunga mkanda, na lile jambo lingine," akakohoa kwa adabu, "tunalisahau."

Mwenye bucha akaingiza mkono mfukoni. Marashi akaruka nyuma.

"Pesa? Unampa pesa mtumishi wa umma? Unataka nikaozee jela, mzee wangu? Rudisha mkono huo!" Akajifuta jasho. "Zawadi, haya, hayo ni mapenzi tu. Mapenzi hayana sheria."

Paja la mbuzi likaingia mkokotenini. Mwenye nyumba akatoa saa ya ukutani na majogoo wawili, na majirani zake nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kufikia mchana mkokoteni ulikuwa na feni, kioo, sufuria tatu na godoro la mtoto. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini Marashi hakuwa na mazoea ya kutazama nyuma.

Angekuwa na akili angeupita mlango wa mama fundi. Ila dirishani palikuwa na redio, nzuri, inaimba.

"Karibu, daktari," mama alisema, akilitazama lile koti kwa muda. "Mbona limejaa nywele?"

"Za mbwa, mama. Kazi ngumu."

"Pole. Subira! Njoo uchanjwe."

Mbwa wa kahawia akatoka chini ya cherehani. Marashi akamdunga maji yake, na Subira, ambaye jina na tabia yake havikuwahi kukutana, akamng'ata paja.

"Uwiii! Nakufa!"

"Pole, mwanangu! Bahati yako umeshamchanja. Maana juzi alirukiwa na mbwa wa jalalani, povu linamtoka, anayumba kama mlevi. Nilikuwa na wasiwasi, lakini sasa nimetulia."

Marashi hakutulia. Alijua jambo moja tu kuhusu kichaa cha mbwa: kikishakupanda, hakuna dawa, ni kaburi. Alitaka kukimbia zahanati peke yake, lakini mama akamshika mkono kwa huruma na kupaza sauti mtaa mzima, "Jamani, daktari wetu ameumwa!" Kati ya walioacha kazi zao kumsindikiza, mwenye bucha na mwenye nyumba walikuwa mbele.

"Huyo mbwa amechanjwa?" muuguzi akauliza.

"Amechanjwa!" umati ukajibu.

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe!"

Muuguzi akairudisha sindano kabatini. "Basi tunaosha kidonda kwa sabuni, uende zako. Hizi ni chache, za walioumwa na mbwa wasiochanjwa."

"Dada," Marashi alinong'ona, "chanjo nyingine huwa zimepoa."

"Zimepoa vipi?"

"Zimepoa sana."

"Sema wasikie."

"Ni maji! Maji ya bomba! Na mikanda ni beseni! Nichome, dada, mimi bado kijana!"

"Na Kamanda?" mwenye bucha akauliza polepole.

"Maji!"

"Na wangu?" akadakia mwenye nyumba.

"Maji, mzee, mtaa mzima maji!"

Ngumi zilishainuliwa mama fundi aliposimama katikati. "Mpigeni, halafu mkaeleze polisi zawadi zilikuwa za nini." Ngumi zikashuka. "Mkokoteni wenye vitu vyenu umebaki uani kwangu. Kesho, mbwa akitoka na mkanda wa kweli, mwenyewe anatoka na chake."

"Hata paja la mbuzi?"

"Hilo Subira ameshalianza."

Akamnong'oneza muuguzi kitu, naye akafunga kabati. Kisha akamgeukia Marashi. "Na sindano yako itakuja kesho na kikosi. Wahi, mwanangu. Wanahitaji mtu wa kushika mbwa."

Marashi aliwahi kabla ya jua. Alishika mbwa wakubwa na wadogo, wakamparura, wakamkojolea, na kila mmoja aliyemtolea macho alimwona ni kifo. Foleni ilifika hadi barabarani. Mwenye bucha aligeuza uso Kamanda alipoingizwa, akafuta chozi.

Jioni Marashi akamwendea daktari. "Sindano yangu sasa. Niliumwa na Subira."

"Subira wa mama fundi?" Daktari akacheka. "Huyo nilimchanja na kumhasi mwenyewe mwezi uliopita. Wa kwanza mtaa huu."

Marashi akageuka. "Mama! Na yule mbwa wa povu?"

"Mbwa gani?" mama akauliza. "Na daktari wa kweli angejua chanjo haifanyi kazi papo hapo. Ungekuwa wa kweli, ungenicheka."

"Umenitapeli!"

"Mimi? Nimekuchukulia nini?"

Marashi akajipapasa mifuko yote. Hakikupungua kitu. Kisha mgongo ukamuuma, akaitazama mikono yake iliyojaa malengelenge, na machozi yakamlenga.

"Kazi, mama," alisema. "Siku nzima. Tena ya halali!"