Mierezi ya Mama Verna

Jumanne, tarehe 26 Februari 2019, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, baridi ikiwa nyuzi kumi na saba chini ya sufuri na theluji ikipeperushwa kwa ubavu kutoka mashambani, Royce Tillery aliingia katika chumba cha kahawa cha ushirika wa nafaka wa Harmsburg, Iowa, akiwa amevaa tai. Mtu mwenye shughuli halali hafiki pale na tai kabla ya jua kuchomoza. Lakini wakulima tisa waliokuwamo walikuwa wastaarabu mno kulisema hilo.

Walikuwa wakinung'unika. Zilisalia siku tatu tu za mkulima kuwasilisha hesabu zake za kodi, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya serikali iliyotaja fedha alizolipwa kwa kuacha sehemu ya shamba lake iote nyasi, udongo usichukuliwe na mvua.

"Wananilipa nisilime, kisha wananitoza kwa kutolima," alisema Merlin Oltmann. "Wamerogwa hawa?"

Royce alivuta kiti. "Mzee wangu, nani kakudanganya? Hiyo ni ruzuku ya hifadhi, na ruzuku ni zawadi. Mkeo akikupa soksi, unazilipia kodi?"

"Mke wangu hajanipa soksi tangu mwaka themanini na sita."

"Basi serikali inakupenda kuliko yeye. Nipe dola mia mbili, nikujazie fomu ambayo hiyo fedha haionekani hata kwa darubini."

Hakutaja kwamba mamlaka ya kodi hupelekewa nakala ya karatasi ileile. Kufikia saa mbili, wote tisa walikuwa wamelipa. Tamaa, hata ikivaa kofia ya ushirika, ni tamaa.

Ndipo alipoingia Verna Goetzinger, mjane wa miaka sabini na tisa, na sinia la maandazi ya mdalasini. Bibi huyu alikuwa na ekari sitini za nyasi katika mpango huo, mkataba wa miaka kumi uliobakiwa na mwaka mmoja. Tangu vuli hakuwa akilala vizuri. Mierezi ilikuwa imevamia nyasi zake, na mkataba ulidai iondolewe yote kufikia katikati ya Mei. La sivyo, arudishe malipo ya miaka yote tisa. Nyonga yake haikuruhusu kushika msumeno, na wa kumkatia hakupatikana kwa bei aliyoiweza. Shamba lingeuzwa.

"Kwa hiyo fedha za nyasi hazina kodi?" aliuliza, Merlin alipomsimulia walicholipia.

"Hata senti, mama."

"Ajabu. Mimi hupata elfu kumi na mbili kila Oktoba, nimekaa tu."

Royce aliacha kutafuna. "Mama, umri wako si wa kuhangaika na makaratasi. Nikodishie hizo ekari, mkataba uhamie kwangu. Nakupa elfu sita taslimu, kesho."

"Kuna mierezi imeota mle, kijana."

"Napenda sana miti."

"Inatakiwa kuondolewa."

"Mama yangu, sote tutaondolewa."

"Nawe utausoma mkataba kwanza?"

"Mkataba husomwa na watu wasioaminiana," alijibu Royce, mkono kifuani.

Bibi alimwekea andazi jingine. Alikuwa amesema kweli mara tatu, na kwa maadili niliyolelewa nayo, hiyo yatosha.

Siku ya pili, katika ofisi ya kilimo ya wilaya, Royce alitia saini kurasa zote bila kuinamisha kichwa, akaandika namba yake ya kitambulisho cha serikali, akamhesabia Verna elfu sita mbele ya karani. Karani, mwanamke mpole aitwaye Twyla, aligonga mhuri.

"Hongera, bwana. Ukaguzi wa mierezi ni tarehe kumi na tano Mei. Isipoondoka, utatudai sisi pole, na sisi tutakudai laki moja na elfu nane."

"Nani? Mimi nimeingia leo!"

"Mrithi wa mkataba hurithi na madhambi yake. Ukurasa wa nne. Na Oktoba usisahau kuziandika fedha hizo kwenye hesabu zako, pamoja na kodi ya kujiajiri."

"Mbona huyu hailipi?"

"Mimi nalipa ya mapato," alisema Verna. "Ile ya kujiajiri nimesamehewa kwa sababu napokea pensheni ya uzeeni. Wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na miwili," alinong'ona.

"Bado sana."

Walipotoka nje, Royce alimshika bibi kiwiko, tai imepinda. "Mama, tuwe waungwana. Tuvunje huu mkataba. Nirudishie elfu sita zangu."

"Zako?" Verna alitoa bahasha na kuhesabu noti kumi na nane za mia. "Hizi ni za Merlin na wenzake, nazirudisha kwao sasa hivi, nao wataandika kila dola ya nyasi mbele ya macho yangu kabla ya Ijumaa. Zinazobaki ni malipo ya kukodi shamba langu, na stakabadhi unayo."

"Kwa hiyo hunirudishii?"

"Hata senti. Ila msumeno upo ghalani. Huo nakuazima bure."