Kiti cha Chini ya Spika

Kuanzia Jumatatu, masikio yote ya wananchi yatakuwa chini ya ulinzi wa serikali, la kulia na la kushoto bila ubaguzi. Tangazo hilo lilizungushwa mji mzima na gari lenye spika nne juu ya paa, likarudiwa kila kona, na vichanga waliokuwa wamelala wakaamshwa wasikose taarifa. Hakuna aliyedai hakusikia. Hayo, Idara ilieleza, yalikuwa mafanikio ya awali.

Idara yenyewe ni Idara ya Ulinzi wa Masikio ya Umma, na mkurugenzi wake alikuwa mchapakazi. Watumishi walimwita Mzee Sema Tena, naye jina lilimkaa vizuri, maana aliona linamsifu kwa kutokubali jambo kwa kulisikia mara moja.

Jinsi alivyopanda cheo, kila mwenye macho aliona. Kwenye sherehe za serikali ile, ukubwa wa mtu ulipimwa kwa umbali wake na spika. Aliyeajiriwa jana aliketi nyuma, karibu na mlango. Mkuu wa kitengo aliketi katikati. Wazito wenyewe waliketi meza kuu, spika zimepangwa moja juu ya nyingine kulia na kushoto kwao kama walinzi. Mkurugenzi alianzia mlangoni. Sherehe kwa sherehe alisogea, mpaka akakikalia kiti cha chini ya spika ya kushoto, ambako hotuba ikianza hata meno humtetemeka mtu. Mbele yake sasa ulibaki ukatibu mkuu, na uteuzi ulikuwa unanukia.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe hakuwa mtu wa kupaka maneno sukari.

“Baba watoto, jirani kauza runinga yake,” alimwambia. “Anasema ya kwetu inamtosha.”

Mkurugenzi alijibu kwamba tatizo si runinga, ni watu wa siku hizi kumeza maneno. Mkewe akamwambia kitinda mimba wao, mwenye sauti nyembamba kama uzi, ameacha kumsimulia baba yake mambo ya shule. Kila akifungua kinywa anaambiwa sema tena, na mtoto naye ana moyo, anachoka.

“Nenda kapimwe,” alisema mkewe, akimshika bega ili amtazame mdomo. “Kabla mtoto hajazoea kukaa kimya.”

Mkurugenzi aliahidi kupimwa siku ya uzinduzi wa upimaji wa masikio, mbele ya watu, awe mfano. Kiongozi hapimwi uchochoroni.

Huku nyuma alilishughulikia suala la kumeza maneno kitaalamu. Alitoa Waraka wa Kupandisha Sauti, ukimtaka kila mtumishi wa Idara aseme kwa sauti inayofika ofisi ya mkurugenzi, mlango ukiwa umefungwa. Watumishi walitii. Katibu muhtasi aliita majalada kama anayeita ng'ombe, na mhasibu akaanza kunywa maji ya tangawizi kuokoa koo. Haikuchukua muda, fundi bati wa ng'ambo ya barabara akapanda ngazi, pamba masikioni na nyundo bado mkononi.

“Wakubwa, shikamooni. Tunaomba mpunguze kidogo,” alisema. “Kule chini hatusikii nyundo zetu.”

Malalamiko yake yalipokelewa kwa heshima na kuingizwa kwenye jalada la pongezi.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoandika kanuni aliyoionea fahari kuliko zote. Mtumishi yeyote wa umma atakayepimwa na kukutwa masikio yamechoka, ataondolewa kwenye kazi ya kusikiliza wananchi na kupelekwa stoo ya majalada, chini ya jengo, kusiko na wa kumsemesha. Alikuwa akimfikiria bwana mmoja wa mapokezi aliyemwudhi. Kanuni ilipita bila swali. Pengine maswali yaliulizwa, lakini hayakumfikia.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Spika ziliongezwa, kwa uzito wa mada. Waziri aliketi chini ya zile za kulia, Mkurugenzi chini ya zile za kushoto. Wake wa wakubwa walitengewa safu ya pili, lakini mke wa Mkurugenzi alikwenda kukaa nyuma mlangoni na fundi bati. Alisema masikio yake anayahitaji, bado ana watoto wa kulea.

Muuguzi wa masikio alipanda jukwaani na mashine yake, akamvisha Mkurugenzi vidude vya kuziba masikio vyenye waya, akamwelekeza anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mkurugenzi hakuwa mgeni wa mitihani. Alikazia macho kidole cha muuguzi, na kila kidole kilipogusa kitu, mkono ukapaa. Ukumbi ulipiga makofi. Akanyoosha tena, kwa kujiamini zaidi.

Muuguzi alimvua vile vidude, akainamia sikio la kulia. “Samahani, mzee. Mashine sijaiwasha. Nilikuwa naifuta vumbi.”

Ilipowashwa kweli, muuguzi aligeuka akampa mgongo. Mkono wa Mkurugenzi ulitulia pajani mpaka mwisho. Muuguzi akautangazia ukumbi kwamba sikio la kushoto, la upande wa spika, limekwenda, na la kulia liko njiani. Lililokufa kwa kelele halifufuki, alisema, ila lililobaki linalindika: upunguze sauti, ukae mbali, uzibe masikio, uyapumzishe.

Mshereheshaji, mtu wa utaratibu, alifungua kanuni na kuisoma kwa kipaza sauti, kisha akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu Mkurugenzi anahamia stoo. Spika zilinguruma. Kule nyuma walisikia kila neno. Mkurugenzi alichokiona ni ukumbi mzima umemgeukia, vinywa wazi, na mshereheshaji akimwonyesha kwa mkono. Alijua siku imefika. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

“Nimeupokea uteuzi huu kwa unyenyekevu,” alisema. “Naomba heshima hii wapewe wenzangu wote wa meza kuu, tukianza na Mheshimiwa Waziri.”

Sasa ieleweke kwamba katika serikali ile, Waziri akitikisa kichwa kukubali jukwaani, hilo ni agizo, na maji yakimwagika hayazoleki. Mheshimiwa Waziri, ambaye miaka yote alikuwa amekalia upande wa kulia, aliona mtu mnyenyekevu akishukuru na watu wakicheka kwa furaha. Akatikisa kichwa. Kisha, kwa msisitizo, akapiga makofi. Meza kuu nzima ikamfuata.

Njiani kurudi nyumbani Mkurugenzi alikuwa mchangamfu mpaka mkewe alipoliinamia sikio la kulia na kumweleza cheo alichokipata. Aliuliza kama yule mdogo atakuwa amelala. Mkewe akamwambia hapana, anamsubiri. Usiku ule runinga haikuwashwa. Mtoto alipanda upande wa kulia wa kochi akamsimulia habari za jogoo aliyeingia darasani, na baba hakusema sema tena hata mara moja, ingawa neno jogoo lilimpita mwanzoni, akaja kulijua mtoto alipotaja mbawa.

Jumatatu meza kuu iliripoti stoo. Palikuwa kimya kama ndani ya mtungi, isipokuwa pangaboi moja bovu lililokwaruza dari kwa ukelele wa bati likikatwa. Waziri aliingia mwisho, kama inavyostahili, akatazama viti, akauliza kwa sauti iliyopaa juu ya vyote kiti cha mgeni rasmi ni kipi.

Mkurugenzi, mtu wa itifaki, alimpangusia vumbi kile kilicho chini ya pangaboi. Kisha akachukua cha kwake, akakiburuza mpaka mlangoni, akatoa mfukoni vizibo alivyowekewa na mkewe, akaziba sikio la kulia.