Udongo wa La Cumbrera

Jumatatu, 6 Mei

Mhandisi Gildardo anastaafu. Kiti cha mkuu wa maabara kitabaki wazi! Wa kukikalia ni mimi au Nubia Ocampo. Leo ametugawia udongo wa La Cumbrera, kule mlimani majirani wa huko wanakotaka kujenga shule. Kila mmoja apime wake, kisha tulinganishe. Akarudia wimbo wake: huu ni udongo wa majivu ya volkano, usikaushwe kabla ya kupimwa, ukikauka haurudi ulivyokuwa. Sawa, mzee. Udongo ni udongo. Ukikauka, unautilia maji.

Nubia kaufunika wake kwa kitambaa kibichi kama mtoto mwenye homa. Huyo atachukua wiki nzima. Wangu uko kwenye tanuri.

Jumanne, 7 Mei

Umetoka mkavu, laini kama unga wa mahindi. Nikautia maji, nikauviringisha juu ya kioo utoke kijiti chembamba, kama tunavyofanya siku zote. Ukakatikakatika. Maana yake hauna udongo wa mfinyanzi. Hauna utelezi! Ardhi imara! Nubia akapita, akaniuliza eti leo naoka arepa, mikate ya mahindi? Wivu tu.

Nikampigia dada yangu Amparo. Anaishi hukohuko La Cumbrera, na watoto wake ndio watakaosoma pale. Nikamwambia wachimbe bila wasiwasi, ukingo watakaouchonga mlimani utasimama wima kama ukuta. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Imeniudhi kidogo.

Alhamisi, 9 Mei

Nubia kamaliza. Udongo wake unaviringika vizuri, umejaa maji, unateleza. Anasema ukichimbwa wima utaporomoka mvua ikinyesha. Mzee akautazama wangu, akaniuliza kama niliukausha. Nikajibu kwamba ulipitiwa na joto kidogo. Akaniamuru nirudie upya.

Amparo sijamwambia kitu. Nitauweka wapi uso wangu? Jumamosi mtaa mzima unatoka na majembe kuchimba, na supu ya sancocho itapikwa palepale. Pengine mvua haitanyesha.

Jumamosi, 11 Mei

Imenyesha tangu alfajiri. Nilipanda mlima kwenda kushukuriwa. Ukingo waliouchimba asubuhi ulikuwa umesimama, wima, mzuri. Nikatoa hotuba fupi.

Mara Nubia huyo, matope hadi magotini. Kumbe jana Amparo alipiga simu maabara kutushukuru, na aliyepokea ni yeye, laini ikakatika kabla hajamwonya. Akapiga kelele tutoke chini ya ukingo, majembe tuyaache hapohapo. Watu wakacheka. Jirani mmoja akasema huyu mama ana njaa, mpeni sancocho anyamaze. Amparo akanigeukia mimi. Nikamwambia asiwe na haraka, Nubia anapenda makuu.

Hakunisikiliza. Akawashika watoto wake na kuwavuta. Yesenia, yule mdogo, mguu ulinasa kwenye matope, akatolewa peku, buti likabaki. Wengine wakawafuata, bado wanacheka. Ndipo mlima ukashuka. Haukuvuma sana. Ulikaa tu juu ya majembe yote, na juu ya lile buti.

Hakuna aliyekufa. Nililia mbele ya watu, sioni aibu kuandika hivyo. Amparo hakunitukana. Aliniambia tu nimwondokee machoni.

Jumatatu, 20 Mei

Nubia ndiye mkuu mpya. Nilimpa mkono.

Majirani wamepata kiwanja kingine cha shule. Amparo kanipigia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sauti yake ilikuwa ya chini. Kaniomba mimi kaka yake, safari hii nipime kama ninayempimia Yesenia kitanda cha kulala. Nikamwapia kwa Bikira Maria. Nimekoma, na nimekoma kweli. Tanuri sitaligusa tena maisha yangu yote!

Na Mungu mwema, leo jua limetoka. Udongo wa kiwanja kipya nimeuanika paani, taratibu, kwa mapenzi. Kufikia jioni utakuwa mkavu kabisa.