Matawi ya Kumkomesha Lori

Jumatatu, 9 Juni
Limefika! Lori la magogo lisilo na dereva. Usukani unazunguka wenyewe, nywele zimenisimama. Litajaribiwa wiki hii barabara ya msituni, hapa Mgololo. Likifaulu, sisi madereva kwaheri. Nami sijui kazi nyingine. Jembe lenyewe nalishika vibaya, mke wangu Yusta ni shahidi. Sosthenes, dereva mwenzangu, kapiga nalo picha. Msaliti!

Jumanne, 10 Juni
Injinia Devota, binti mpole wa Tosamaganga, katusalimia kamwene kwa Kihehe, kaomba tumtajie mambo ya barabara zetu ambayo lori halijafundishwa. Sosthenes kataja ng'ombe, bodaboda, mpaka kina mama wa kuni. Hakuna aliyekumbuka matawi! Dereva yeyote akikuta matawi mabichi barabarani anajua mbele kuna gari bovu. Lori halijui. Nikamsifu binti kwa maswali mazuri.

Jumatano, 11 Juni
Ukungu mzito. Safi! Nimewahi konani, nikatandaza matawi, na mbele yake gunia la pumba badala ya gari bovu, lori liligonge na kufeli. Lori likaja, likakanyaga matawi bila kupunguza mwendo. Ushindi! Kumbe gunia nimeliweka pembeni mno. Nikakimbia kulisogeza. Nikateleza. Chali katikati ya barabara, bampa hilo linakuja, nikamwita Mungu na marehemu mama kwa pamoja.

Likasimama. Hatua moja tu kutoka kwenye buti langu. Likapiga honi kidogo, kwa adabu.

Devota, aliyekuwa ndani akilisimamia, akashuka analia. Akanifuta tope kwa kanga yake, akanipa chai ya chupa, akauliza, baba, ulikuwa unafanya nini huku? Woga ukanilegeza ulimi. Nikamweleza habari yote ya matawi. Ya gunia sikugusa.

Alhamisi, 12 Juni
Lori limefundishwa. Leo limeona matawi, likasimama, likawasha taa za hatari, likangoja aje mtu kuyatoa. Wakubwa wakapiga makofi. Sosthenes kapendekeza jaribio hilo lipewe jina langu. Yusta kasema nishukuru, saa hizi angekuwa mjane. Kweli. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi. Limeniokoa, na bado linanitoa kazini. Inauma.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepata akili! Si linasimama penye matawi? Basi kesho, jaribio la mwisho, nitayatandaza kila kona kuanzia msituni hadi kiwandani, alfajiri kabla hawajaamka. Lisifike milele! Nimekata mzigo mzima, siafu wameniuma hadi kwapani.

Na bahati haikunisahau. Ratiba imetoka: nimechaguliwa kuwatetea madereva. Naendesha lori la kawaida nyuma yake, tupimwe nani katumia muda mfupi. Nikilishinda, wote tunabaki kazini. Sosthenes kanishika mkono, machozi yanamlengalenga.

Barabara nyembamba ile, hakuna pa kupitana. Safi kabisa. Halitanitoroka.