Buluu Iliyotoka Nyekundu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mada mpya imeanza leo: Maji. Watoto wa darasa langu wameuliza maswali mpaka ukuta umejaa. Shule yetu ya kimataifa ina mtindo wake. Mwalimu hatoi majibu. Mtoto anauliza, anachunguza, anagundua mwenyewe, na mwalimu anasimama pembeni akitabasamu. Kusimama naweza. Kutabasamu naweza. Kunyamaza ndiko kunakonipa kichomi.

Lakini si hilo linaloniuma. Binti yangu yuko darasa jingine la tano, ng'ambo ya ukuta wa mbao, maana hairuhusiwi kumfundisha mwanao. Tangu ajue kusema tunamwita Bi. Kwanini. Zamani aliniuliza kutoka geti la shule mpaka mlangoni kwetu bila kuvuta pumzi. Kwa nini mbwa hawavai viatu. Kwa nini kesho haiji leo. Mimi ndiye niliyekuwa kamusi yake na redio yake. Sasa tunatembea kimya kama watu waliokutana kwenye foleni.

Leo nikamuuliza kama hana swali. Akasema analo, ila ameshampelekea mwalimu wake. Swali gani? Kwa nini ardhi hunukia mvua ikianza.

Najua jibu! Nimelijua miaka yote! Nikafungua mdomo. Akaziba masikio kwa vidole. Eti bado wanachunguza, nisimharibie.

Mwalimu wake nimempa jina la Bwana Unaonaje. Muulize saa ngapi, atakuuliza wewe unaonaje. Watoto wanampenda kupita kiasi. Soksi zake hazifanani, na anafanya makusudi.

Nitamrudisha binti yangu. Lazima.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbinu ya kwanza. Glasi ya maji yenye chumvi tele, ndani yake yai linaelea. Nikaiweka mezani mbele ya kiti chake. Hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayepita hapo asiulize.

Akatangulia mama yake kutoka kwenye cherehani. Akaniuliza, Baba Kwanini, yai linafanya nini kwenye glasi? Swali lenyewe hasa! Ila limetoka kwa mtu mwingine. Kabla sijafika kwenye uzito na ujazo, yai lilikuwa kikaangoni.

Bi. Kwanini akalila huku akimsimulia mama yake habari za mitaro. Wakacheka. Nikauliza wanacheka nini. Wakasema si kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mbinu ya pili, ya kiungwana zaidi. Wageni wenye ujuzi wanakaribishwa madarasani waulizwe maswali. Nikamwambia Bwana Unaonaje kwamba mambo ya maji nayajua vilivyo. Nilitegemea anikatalie, nipate sababu ya kununa. Akafurahi! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu huyu hana hata adabu ya kuwa mbaya.

Nikakaa kwenye kile kiti chao kidogo, magoti karibu na kidevu. Mtoto mmoja akauliza kama samaki hujua mvua inanyesha. Swali zuri. Nikalijibu. Nikaongeza bahari, mawingu, mito ya chini ya ardhi. Nikachora. Nilipogeuka kutoka ubaoni mmoja alikuwa amelala na wawili walikuwa wakisukana nywele. Bi. Kwanini alikuwa akiangalia kiatu chake.

Bwana Unaonaje akaniuliza kwa upole kama na mimi kuna jambo ningependa kulijua. Nikatafuta kichwani. Sikupata kitu. Nikasema muda umekwisha.

Njiani nikamuuliza binti yangu nilikuwaje. Akasema, "Ulijibu, Baba."

Mwanzoni nililichukua kama sifa. Sasa ninavyoliandika sina hakika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemfuatilia binti yangu. Sioni haya kusema. Kundi lake linataka kujua maji machafu ya shule yanakwenda wapi, basi walitoka nje na mimi nikajibanza nyuma ya tangi la maji, kule jikoni.

Nilimwona. Amelala kifudifudi kwenye nyasi, sare yote matope, ameingiza kichwa kwenye bomba, anapiga kelele. Mwenzake upande wa pili wa uzio akajibu. Bi. Kwanini akainuka na uso ule! Ule wa zamani, ambao ilikuwa kazi yangu kuuleta. Nilisimama pale nikaona kama ninaangalia nyumba yangu kutoka barabarani, taa zimewashwa, na mimi sina ufunguo.

Nikaegemea vizuri nimwone zaidi. Nikaegemea koki ya tangi.

Kundi zima likaja mbio. Mmoja akaniuliza, kwa nini nimejificha? Mwingine, kwa nini nimeloa? Wa tatu akasema hayo maswali mawili huenda yana jibu moja. Nikawaambia nakagua koki. Bi. Kwanini akavua sweta lake akanipa nijifute uso.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kundi limekwama. Walimimina rangi ya buluu kwenye sinki la chumba cha sanaa ili waone itatokea wapi. Haikutokea popote. Walikaa ukingoni mwa mtaro wa nje ya uzio mapumziko yote, na nilipopita nikamwona anafuta pua kwa mkono. Hakulia. Ila namjua.

Baba gani angeliacha hilo?

Mbinu ya tatu, basi. Mke wangu hutia rangi vitambaa vyake mwenyewe, makopo yake yako stoo. Jioni nikasema naenda kununua chumvi. Stoo haina dirisha. Nikachukua kopo la buluu, nikakimbia hadi kwenye mtaro, juu kidogo ya pale wanapokaa, nikaumwaga unga wote chini ya lile bomba la uzioni, lililokauka. Asubuhi walinzi wakifungua maji ya bustani, rangi itatiririka. Watagundua! Watafurahi! Siku moja, akiwa mtu mzima, nitamwambia.

Nimerudi bila chumvi. Mke wangu akauliza. Nikasema imeisha dukani.

Jumanne, 14 Oktoba

Ni nyekundu.

Kopo lilikuwa la nyekundu. Mtaro mzima ulikuwa kama machinjioni. Mwalimu Mkuu alipiga ukelele uliosikika mpaka darasani kwangu.

Na watoto? Hawajawahi kuwa na furaha kama ile! Tulimimina buluu, imetoka nyekundu! Shule nzima ilikwenda kutazama. Bwana Unaonaje alishika kichwa kwa furaha, eti hajaona swali zuri namna hii tangu aanze kufundisha. Darasa langu mwenyewe wametupa maswali yao yote wakalichukua hilo.

Sasa naandika jambo lililotokea njiani. Tulipofika kwenye kona ya duka la vitabu, mkono mdogo ukaingia ndani ya mkono wangu.

"Baba, kwa nini buluu igeuke nyekundu?"

Ameniuliza! Mimi! Si mwingine!

Ningekuwa mtu mwema ningesema ukweli palepale. Lakini nilikuwa nimekaa na njaa ya swali moja kwa muda mrefu mno. Nikamwambia ni kutu. Mabomba ni ya chuma, chuma kina kutu, kutu ikikutana na buluu hubadilika. Niliongea mpaka nyumbani. Alinisikiliza kila neno, akiruka ruka kando yangu. Sijawahi kuwa na furaha hivi kwa uongo mkubwa hivi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamefanya majaribio. Hilo sikulifikiria! Katika shule nzima ya watu wanaofanya majaribio, sikufikiria kwamba watafanya majaribio.

Wameloweka misumari yenye kutu kwenye buluu, siku mbili dirishani. Bado buluu. Kisha mtoto mmoja akabisha hodi kwa mafundi, akarudi na habari kwamba mabomba ya shule ni ya plastiki.

Mke wangu anatafuta kopo lake la nyekundu. Ana gauni la bibi harusi wa Jumamosi na nusu ya kitambaa haijatiwa rangi. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye.

Kucha zangu hazitoki wekundu. Nimesugua kwa limau, kwa majivu, kwa dawa ya meno. Nimefundisha mikono ikiwa mfukoni. Watoto wameanza kuuliza kwa nini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya maonyesho. Wazazi wamejaa ukumbini. Mke wangu amekaa mstari wa pili, mimi nimesimama ukutani, mikono nyuma.

Bi. Kwanini akapanda jukwaani na wenzake. Wakaeleza kila walichofanya, na kila kilichowashinda. Buluu yao, wakasema, bado iko ndani ya tangi la maji machafu chini ya uwanja. Haijatoka hata tone. Kwa hiyo nyekundu haikutoka shuleni. Iliwekwa na mtu.

Mwalimu Mkuu akanyoosha shingo.

Mzazi mmoja akauliza ni nani. Binti yangu akasema wanadhani ni mtu aliyetaka wafurahi. Na kwamba hawatamtaja, kwa sababu swali la nani wameshalimaliza, ila la kwa nini bado.

Hakuangalia upande wangu hata mara moja. Mke wangu ndiye aliyegeuka. Aliniangalia, akaangalia mahali mikono yangu ilipojificha, akafumba macho kama mtu anayeomba subira.

Tukarudi nyumbani mimi na binti yangu. Yeye ndiye aliyeutoa mkono wangu mfukoni. Akazitazama kucha.

"Ni wewe, Baba?"

Nikasema ni mimi.

"Kwa nini?"

Nikamwambia polepole. Kwamba nasikia akicheka ng'ambo ya mbao na sijui anacheka nini. Kwamba njia ya kurudi nyumbani imekuwa ndefu. Kwamba nilitaka aniulize tena, hata kitu cha kipuuzi, hata habari za viatu vya mbwa.

Akapiga kijiwe teke.

"Nilikuwa nataka kukuuliza," akasema. "Ila wewe ukijibu, swali linaisha. Mimi sitaki liishe."

Kisha akasema nimwulize yeye. Nikamwuliza kwa nini ardhi hunukia mvua ikianza. Akasema hajui bado! Na hapohapo akaanza kunieleza: makopo ya udongo mkavu, makopo ya udongo mbichi, mchanga wa uwanjani ambao haukunukia kitu, rafiki yake aliyevuta pumzi karibu mno akapiga chafya udongo ukamjaa usoni. Jibu lilikuwa kooni kwangu linanikwaruza kama mwiba wa samaki. Nikalimeza. Tukazunguka njia ya mbali, ya nyuma ya uwanja, na hakuna aliyependekeza tuzunguke.

Nimemnunulia mke wangu kopo jipya. Nimemwomba radhi. Akasema harusi ni kesho, nikae nishike kitambaa.

Basi. Nimejifunza. Kuanzia leo hila zote nimeziacha. Nitauliza, nitanyamaza, nitasubiri.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mada mpya tangu wiki jana: Mimea. Kila mtoto amepanda haragwe kwenye kopo lake, anachunguza kinachoifanya mbegu iamke. Bi. Kwanini amelileta la kwake dirishani nyumbani. Kila asubuhi ananionyesha, namuuliza anaonaje, ananieleza. Sijibu kitu. Nimekuwa mtu mpya kabisa.

Ila haragwe la jirani yake limeota tangu Ijumaa. La mwingine lina majani mawili. La kwake kimya. Leo alikaa mbele ya kopo bila kula mkate wake, kidevu mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mbegu huwa zinakata tamaa.

Nikasema, wewe unaonaje? Akasema hajui. Akaenda shule.

Nimechelewa kazini. Nilipita kwa muuza miche, nikarudi nyumbani mbio, nikafukua kopo kwa kijiko. Sasa kuna mche pale, umesimama wima, kijani, mzuri sana. Muuzaji ameniapia ni haragwe. Majani ni mapana kidogo, yana manyoya manyoya, na ule mkono mrefu unaojisokota kwenye pazia unanikumbusha boga.

Hatagundua.