Nilivyoliweka Sanduku la Kikoba Sokoni

Jamani, leo nimeumbuka. Nawaandikia mwenyewe mapema, maana huku mtaani Chapwa kisa kimeshatiwa chumvi, na wapo wanaosema nimekamatwa mpakani nimejifunika blanketi. Uongo mtupu. Nilikamatwa nyumbani kwangu, nimevaa kanga.

Mvua zilizopita upepo ulituezulia bati za upande wa jikoni. Tukakopa kwenye kikoba changu cha akina mama, tukaezeka. Paa likapona, marejesho yakatushinda. Kesho Jumamosi ni kikao, na nisipopeleka kitu wanakata hisa za mdhamini wangu, Mama Tumaini. Huyu ni rafiki yangu tangu nilipokuja kuolewa hapa nikitokea Igamba. Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Huyu mimi namjua." Na hisa zile ndiyo ada ya mwanawe. Nikasema hapana, bora niuze vitu vya ndani kuliko kumuumbua Mama Tumaini.

Vitu vyenyewe vipo. Friji iliyoacha kugandisha zamani, sasa inatunza unga. Mashine ya juisi tuliyozawadiwa siku ya harusi, haijawahi kukutana na embe. Meza ya kioo inayogonga ugoko wa kila mgeni. Tranka langu la shule, ndani mna mapazia yaliyopauka. Na redio kubwa ya mume wangu (hapa nilisita kidogo, halafu nikapiga picha).

Asubuhi nikaweka tangazo kwenye kundi la kuuza na kununua la hapa mjini: "Nauza friji, haigandishi sana." Ukweli humweka mtu huru, lakini hauuzi friji. Watu wanauliza "Mwisho?" Nikitaja, kimya. Mmoja aliniuliza kama nina kuku.

Nikaanza kuchunguza wenzangu wanaouza haraka. Kumbe wote wana neno moja: nahama. Watu wakisikia mtu anahama wanajua bei imelegea, wanakimbilia. Nikafuta tangazo langu la kilokole, nikaandika upya, na picha zote chini yake: "NAHAMA! NAHAMIA NG'AMBO! Nauza vitu vyote vya ndani! Mwisho leo jioni!"

Sasa kwa wale msiokaa Tunduma. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Unavuka kwa miguu, unanunua shida zako, unarudi maharage hayajaiva. Na ni huko huko wanakopotelea watu wenye madeni. Anayedaiwa hapa mjini hatakiwi kulitamka neno hilo hata usingizini. Mimi nilikuwa nawaza wateja tu (akili nilikuwa nimeitia kwenye friji, na friji haigandishi).

Wee! Simu ilianza kulia mpaka ikapata joto. Mimi najibu tu, bei huyu, ramani ya nyumba huyu, najisikia tajiri. Katikati ya fujo hiyo, namba nisiyoijua ikauliza: "Na hilo sanduku la chuma lenye kufuli, nalo unauza?"

Nikajua ni tranka langu. Nikajibu kwa mbwembwe: "Lipo mpendwa! Bei ya maelewano. Vilivyomo ndani nakuachia bure!"

Namba ile ikanyamaza. Nikajua amefurahi.

Mchana akaja mteja wa friji, baba mmoja mfanyabiashara kutoka Nakonde, na guta lake la kubebea mizigo. Mtu mpole sana. "Muli shani, mayo," akanisalimu kwa Kibemba, yaani habari, mama, akalipa bila kubishana, akaanza kuifunga friji kamba gutani. Nikamwita Mungu kwa majina yote. Nikawaza uso wa Mama Tumaini kesho nikimwaga marejesho mezani.

Uso wa Mama Tumaini haukusubiri kesho.

Waliingia getini kikoba kizima. Mbele mwenyekiti, Mama Subira, mwanamke ambaye akikohoa kikao kinanyooka. Nyuma yake Mama Tumaini, macho mekundu, halafu wengine wote. Hakuna aliyebisha hodi. Mama Subira aliiangalia friji, akaliangalia guta, akamwangalia yule baba kuanzia kofia hadi kandambili.

"Baba, unatokea wapi?"

"Nakonde, mayo."

"Na hivi vitu vinakwenda wapi?"

"Nakonde."

"Haya, jamani, mmesikia!" akawageukia wenzake. "Na mwanamume anayemtorosha ndiye huyu!"

"Mwanamume gani?" nikapiga kelele. "Huyu ni mteja!"

"Mayo, mimi nina mke," baba wa watu akajitetea, ameikumbatia friji.

Mama Tumaini akaanza kulia. "Mama Eliya, mimi nilisimama nikasema nakujua!" Jamani, hapo sikucheka. Ningekubali ardhi inimeze na friji juu.

Nikaapa sihami. Nikaapa kwa mama yangu. Mama Subira akatoa simu, akanisomea kwa sauti, pole pole, kama anasoma neno kanisani: "Vilivyomo ndani nakuachia bure." Kumbe ile namba ni ya binti yake!

"Hilo ni tranka langu la shule," nikasema. "Ndani mna mapazia."

"Mapazia?" Akanigeuzia picha.

Ilikuwa picha ya meza ya kioo. Na kioo, kama mnavyojua, kinaonyesha. Chini ya meza, bluu, linang'aa, na kufuli zake tatu: sanduku la kikoba.

Niwaelezee. Fedha za kikoba chetu zinakaa kwenye sanduku hilo. Funguo tatu wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mwanachama mwaminifu kupita wote. Mwaminifu huyo ni mimi (nyamazeni). Nilikuwa nimelitoa chumbani tayari kwa kikao cha kesho, nikalifunika kitambaa. Kisha kitambaa nikakivua nikaivika friji ili itoke vizuri kwenye picha.

Kwa hiyo leo nzima, mbele ya mji mzima, nilikuwa nanadi akiba ya wanawake wenzangu. Bei ya maelewano!

Wakati huo huo Baba Eliya akaingia mbio, spana mkononi. Yeye ni fundi tairi wa malori kule kwenye foleni ya mpakani, na watu walishampigia kwamba mkewe anahama. Anahema, jasho linamtoka, akanishika mkono. "Mama Eliya, nimekukosea nini?" Moyo ukaniyeyuka. Halafu akaiona redio yake mlangoni, ina karatasi ya bei. Akauachia mkono.

"Kuhama ningekusamehe," akasema. "Redio?"

Sanduku likaletwa katikati. Wenye funguo wakafungua, wakahesabu, mimi nimekaa sakafuni kama mwari. Haikupungua hata sarafu. Mama Tumaini akafuta machozi, akachukua simu, akasoma tena, "Lipo mpendwa," akaangua kicheko, na kikoba kizima kikamfuata. Walicheka mpaka baba wa Nakonde naye akacheka, ingawa sidhani alijua kwa nini.

"Haya, tumeshafunga biashara zetu kuja kukukamata," akasema Mama Subira. "Hiyo mashine ya juisi mwisho ngapi?"

Waliibana bei bila huruma, wenyewe wakisema wananisamehe. Lakini mashine imekwenda, tranka limekwenda na mapazia yake, na ukijumlisha na friji, marejesho ya kesho yametimia. Hisa za Mama Tumaini haziguswi. Redio imerudi kabatini, na mwenyewe ameifunga kwa kufuli.

Sanduku wamelihamishia kwa Mama Tumaini. Wamelibeba wenyewe, wawili wawili, wanaimba njia nzima.

Kwa hiyo naomba mtaa utulie: leo kilichohama ni sanduku, mimi nipo. Na meza ya kioo bado ipo, ila picha situmi tena, mje muione kwa macho.